Nani Atamwitikia Sidonie

Bibi yangu Sidonie, mama wa mtoto wetu Agathe, alikufa na homa mwaka wa sitini na nne. Wakubwa wa hospitali walikuwa wamekimbia na dawa zote, wakatuachia vitanda.

Alikuwa Munyalwe. Watu wake walikaa juu ya Kiringye, nyumba chache mlimani, na Kinyalwe chao hakikusemwa fasi ingine yoyote. Uhuru ulipofika, mkubwa mmoja alisimama mbele ya mkutano akasema Kinyalwe si lugha, ni kelele za wachunga mbuzi. Watu walicheka. Kisha uasi ukaanza, ikatangazwa kwamba kila anayesema maneno yasiyoeleweka ni muasi. Nyumba zile zikachomwa. Wanyalwe wakashuka, wakajichanganya na watu, wakafunga midomo. Hata Sidonie, ndani ya nyumba yetu ya Rugenge, karibu na ziwa, alinisemesha Kiswahili tu.

Kwao kaburi halifunikwi mpaka mfiwa aite, na mtu wa lugha yao aitikie. Asipoitikiwa, maiti huhesabiwa kama aliyetupwa porini. Kitandani alinifundisha mwito ule mpaka nikaushika.

"Baba Agathe," akasema, "usiache banifunike kimya."

Makaburini askari wawili walisimama wakituchunga. Jirani yangu Basile alikuwa na jembe mkononi.

"Muzee, tufunike," akaninong'oneza. "Basoda banaangalia. Shimo iko moja tu, hatutaenea sisi wote."

"Miye nitaita."

Nikaita. Askari mmoja akageuza kichwa. Nikaita tena.

Mama Georgette akaitikia. Muuza samaki wadogo, ndagala, wa sokoni, aliyejiita Mufuliiru, si Munyalwe, miaka yote. Sauti ile haikuwa yake ya kubishana bei. Ilikuwa pana, ya chini. Kabla hajamaliza, katekista Herménégilde akaipokea. Halafu ikatoka nyuma ya ua. Halafu kwa wanawake waliokuwa njiani na ndoo za maji. Sikujua wako wengi hivyo. Nilikuwa nimeishi juu yao kama mtu anayetembea mchangani pwani, bila kujua maji yako hapo chini.

Askari aliyegeuka akaja mpaka kaburini. Basile akaangusha jembe. Askari akavua kofia, akaitikia polepole, akakosea. Mama Georgette akamkatiza kwa ukali, kama shangazi. Askari akarudia vizuri.

"Weye, unasema nini?" mwenzake akamwuliza.

"Namujibu mutu wetu."

Mwenzake akatazama bunduki yake, akatazama watu, akaiacha begani.

Mkubwa yule wa mkutano sasa yuko Léopoldville, mji mkuu, anapanda gari. Angekuwa pale angesema nini, sijui.

Basile akaokota jembe. "Sasa tufunike?"

"Bado," Mama Georgette akasema. "Huko chini habajamaliza."

Tukasikiliza. Kutoka ziwani, wavuvi walipokuwa wanaanika nyavu, sauti ile ilikuwa ingali inakuja.