Ngozi ya Mbuzi na Hewa ya Jeddah

Hezekiah Kariuki hakujua amweke Hashim fungu gani, la rafiki au la adui. Mwaka mzima alijiuliza, na jibu likawa linageuka kila kukicha. Mtu anakupigia simu asubuhi kukuuliza kama umekula, na kabla hujamjibu anakwambia chombo chako kinalia kama gari bovu. Huyo ni nani kwako?

Walikutana Olaya, mjini Riyadh, kwenye jengo la maofisi alilolilinda Hezekiah. Hashim alikuwa karani wa Bandari ya Jeddah, na siku hiyo alileta makaratasi ya mzigo kwa kampuni moja ya humo ndani. Akiwa anangoja, macho yakamwangukia mlinzi aliyesimama wima huku vidole vikimchezacheza juu ya tochi. Si mchezo wa mtu aliyechoshwa na zamu. Vidole vilikuwa vinafunga na kufungua matundu yasiyokuwepo.

"Wewe mpiga zumari," Hashim akamwambia kwa Kiswahili, hata salamu hakutoa.

Hezekiah akashtuka. "Nani amekushow?"

"Vidole vyako. Zumari gani?"

"Bagipaipu. Nilikuwa bendi ya jeshi huko Kenya."

Hashim akacheka mpaka watu wa mapokezi wakageuka. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, akalelewa na mjomba wake Maskati, na mjomba ndiye aliyemfundisha jirba, zumari ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, ile inayopigwa kwenye maharusi ya Ghuba. "Yakhe, hiyo yenu ya Waskoti ni kijukuu tu," akasema. "Jirba ndiyo babu."

Basi vita vikaanza hapo hapo, mlinzi na karani, mbele ya lifti. Wakapeana namba za simu ili wapate kutukanana vizuri. Hezekiah akawa anamwambia kwamba jirba ni mbuzi aliyekataa kufa, haina hata mabomba ya begani ya kuunguruma, ni kelele tupu. Hashim naye humjibu: "Nyie mnasimama kama nguzo za umeme. Muziki gani huo usiotikisa hata bega?" Kisha anamuuliza mafua yake yamefikia wapi, na amwombe nani amletee tangawizi.

Kazi ilipomleta Hashim tena Riyadh, alikuja na jirba yake ndani ya mfuko wa suti. Ijumaa baada ya chakula wakakutana Al-Shumaisi, chumbani kwa Hezekiah, na wenzake wa chumba wakakaa vitandani kuwa waamuzi. Hashim akatia mfuko kwapani, akapuliza. Wapi! Ngozi ilikuwa imekauka kama papa, upepo ukatoka shingoni kwa mbuzi ukipiga mluzi, psss. Akaloweka kitambaa, akafunga, akapuliza tena. Psss. Allan, aliyelala kitanda cha juu, nusura adondoke kwa kicheko.

"Hewa yenu hii," Hashim akalalamika, jasho linamtoka. "Kavu! Mbuzi gani atastahimili?"

"Mafi hewa, hakuna cha hewa hapa, buda. Chombo ndicho kibovu," Hezekiah akasema. Kisha akachukua paipu yake na kupiga wimbo wa gwaride mpaka majirani wakagonga ukuta.

Sasa hapa mtu mzima ungetaka kumshika Hezekiah masikio. Yeye mwenyewe alijua vizuri ukavu wa Riyadh. Ule ulimi wa tete unaotetemeka ndani ya paipu na kutoa sauti, aliufunga mnene na mgumu makusudi, kwa kuwa zile nyembamba zilimkaukia na kukata sauti. Lakini kwamba hewa hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha mwenzake, halikumpitia akilini kabisa. Alikuwa ameshinda, na mshindi hana haja ya kufikiri.

Miezi haikwenda mingi, kampuni yake ya ulinzi ikanyang'anywa lile jengo. Kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, akamwita, akamwambia halas, basi, ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, ikiisha mwezi huu hataihuisha, ajiandae kwenda kwao. Hezekiah akatoka pale anajiuliza. Kwenda kwao kufanya nini? Jeshi aliliacha mwenyewe kwa kiburi, akamwambia mkewe Nyokabi kwamba Saudia ndiko kwenye maisha. Wanawe wawili walikuwa shule kwa ajili ya tochi ile ya Olaya. Aliogopa, na hakumficha Hashim kwamba anaogopa.

Siku ya tatu Hashim akapiga simu. "Kuna hoteli huku ufukweni inataka mpiga zumari wa mfuko, awe anapokea wageni jioni. Watakuhamishia ikama kwao. Njoo Jeddah."

Hezekiah akaanza hapo hapo kutafuta begi lake. "Hashim, Mungu akubariki, ndugu yangu."

"Amin. Na mie nimejiandikisha."

"Umejiandikisha wapi?"

"Hapo hapo. Mtu mmoja tu anatakiwa."

"Lakini wewe uko na kazi!"

"Mie ninayo. Jirba haina." Akakata simu.

Njia nzima ya basi Hezekiah aliligeuza jambo hilo asilipate kichwa wala miguu. Anayetaka kukuokoa hakupokonyi kamba. Anayetaka kukuzamisha hakuonyeshi kamba ilipo. Alipofika, Hashim alikuwa kituoni anamngoja. Akambebea begi, akampikia wali wa samaki, akamwachia kitanda na yeye akalala mkekani. Asubuhi akampigia pasi shati. "Leo nitakufedhehesha," akamwambia huku anamkunjulia kola.

Usaili ulifanyika alasiri uani kwa hoteli, mbele ya meneja, mama wa Kilebanoni aliyeitwa Madam Ruba, na wageni wachache waliokuwa wakinywa kahawa. Hashim alitangulia. Loo! Karani yule mnyenyekevu wa makaratasi akawa mtu mwingine. Bega moja likapanda, jingine likashuka, akazunguka na jirba kama anayecheza na bibi harusi, na wazee wawili wenye kanzu nyeupe wakaanza kumpigia makofi. Hezekiah alitazama. Chombo kilikuwa kizuri. Hakutaka kiwe kizuri.

Zamu yake ikafika. Akapiga hatua za kijeshi, akajaza mfuko, akaubana. Mabomba ya begani yakanguruma, lakini sauti yenyewe haikuja. Akabana zaidi, mishipa ya shingo ikamtoka. Ikatoka kelele moja kali, mwanamke mmoja akaangusha kikombe, kisha kimya. Ule ulimi mgumu aliouchagulia ukavu wa Riyadh ulikuwa umekunywa unyevu wa Jeddah usiku kucha, umevimba, umekuwa ubao. Akajaribu tena. Ubao.

Hapo ndipo alipomkumbuka Hashim kule Al-Shumaisi, na kitambaa chake kilicholowa, na vile walivyomcheka. Ilikuwa hewa, jamani. Ilikuwa hewa tangu mwanzo.

"Halas, shukran," Madam Ruba akasema, na tayari alikuwa anainuka.

Hezekiah hakuondoka. Akamwona Hashim anakuja kasi, amekunja uso. Alidhani anakuja kumcheka, na aliona anastahili. Hashim akamvua paipu na kumtia jirba kwapani.

"Piga."

"Hii si yangu."

"Piga wewe, usinipandishe hasira!"

Mdomo wa jirba ulikuwa bado na mate ya mwenzake. Hezekiah akapuliza. Sauti ikaja mara moja, nyepesi, kama iliyokuwa imekaa mlangoni. Vidole vyake vya jeshi vikatapatapa kidogo, vikakuta njia, na kilichotoka si gwaride. Ulitoka wimbo wa kina mama wa Murang'a wa kumpokea bibi harusi, ambao hajawahi kuupiga kwa chombo chochote. Wale wazee wa kanzu hawakuujua, lakini wakaupigia makofi, na mmoja akasimama kucheza.

Madam Ruba akakaa tena. Ulipoisha akanyoosha kidole. "Huyu. Na hicho."

"Madam, hii ni ya mwenzangu," Hezekiah akasema. "Mshindi ni yeye."

"Sikushinda mie, imeshinda jirba," Hashim akadakia. "Mpigaji ni huyu."

"Basi kama ni jirba, ni wewe."

"Kama ni vidole, ni wewe!"

"Yalla!" Madam akawakata. "Nani anaanza kazi Jumapili?"

"Yeye," akasema Hashim.

Wakatoka nje, wakakaa kwenye ukuta wa ufukweni. Hezekiah alikuwa amepata ikama na hajui afurahi kwa ajili ya nani. "Hashim, niambie ukweli. Ulikuja kunisaidia ama kunishinda?"

"Kukushinda, wallahi. Nilitaka urudi kwenu ukijua jirba ndiyo babu."

"Sasa mbona umenipa?"

Hashim akarusha kokoto baharini. "Sijui. Ulisimama pale mtu mzima, huna sauti. Nikaona vibaya." Akaipapasa ile ngozi iliyolala mapajani mwa mwenzake. "Ya mjomba, Allah amrehemu. Uilowanishe shingo, usiiweke juani."

Hapo Hezekiah akaelewa. Hashim hakuwa na nyingine. Kesho atarudi bandarini kwenye makaratasi yake, na jioni atakaa nyumbani mikono mitupu. Machozi yakamjia bila ruhusa. Akaichukua paipu yake, ile iliyomwaibisha, akamwekea Hashim kwapani.

"Nifanye nini na dubwana hili?" Hashim akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Na wewe ukishika jirba, mie nitashindana na nani?"

"Na mimi. Bana hapa. Kiwiko chini, si hivyo, wewe karani! Sasa puliza."

Hashim akapuliza mpaka macho yakamwiva, na hakikutoka kitu ila upepo.

"Kibovu," akasema huku anahema.

"Si kibovu," Hezekiah akamwambia, akimfutia jasho la uso kwa mkono wa shati lake. "Ni hewa. Puliza tena, ndugu yangu."