Mbwa Aliyetumbukia Ngoroni

Luisa wa Kitura alinisimulia haya juma lililopita, tukichambua kahawa. Mbwa wao, Watasema, alizeeka akapofuka, akawa anatumbukia kwenye ngoro, yale mashimo ya shamba la mahindi. Kazi ya mumewe, mzee Tarsisi, ikawa kusikiliza kilio chake na kwenda kumtoa. Bwana mifugo akashauri achomwe sindano ya kumpumzisha.

“Mbona mimi mzee hamnichomi?” Tarsisi akafoka.

“Wewe ugali unaumaliza, baba Aurelia,” Luisa akamjibu. “Mwenzio hata uji unamshinda.”

Kesho yake Tarsisi alimkuta shimoni, yu hai, lakini halii tena kuomba msaada. Akaenda mwenyewe kumwita bwana mifugo, akampakata mbwa wake kichwa mpaka kikalegea. Akamzika kando ya shimo lile. Jioni alikaa kitandani akisikiliza kwa mazoea, mwishowe akajilaza, usingizi ukamchukua.