Mlizamu wa Anaeli

Kitu cha kwanza alichokiona Penina kilikuwa kidogo mno, hata akaona haya kukifikiria. Kila jioni kazi ilipokwisha, mlizamu uliomwagia gurudumu maji uligeuzwa pembeni na maji yakamwagikia chini. Zamani yalichimba shimo, ukitia mkono unazama hadi kwenye kiwiko. Sasa shimo lilikuwa linajaa tope. Maji yalililamba tu, kama ndama alambaye chumvi.

Baba yake, Anaeli, ndiye aliyeushusha mlizamu ule wa gogo wiki mbili nyuma. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, kila ukoo siku yake, na kiangazi kile mzee wa mfereji alilalamika kwamba ya Anaeli yanaruka ovyo na kupotea. Anaeli alikuwa mtu wa kuchunga heshima yake. Akauteremsha mlizamu hadi karibu na gurudumu, lisiruke hata tone. Tangu hapo gurudumu, lililoendesha mashine ya kumenyea kahawa, likawa linazunguka kwa kuburura miguu. Kahawa mbivu ikalala makapuni mpaka ikaanza kunuka uchachu.

"Maji ni haba," alisema Anaeli, akaenda kuomba zamu za watu.

Penina alijua maji ni yale yale, lakini hakusema. Kusema hakukuwa kazi yake. Aliachishwa shule darasa la tatu, mama alipougua, ili alee wadogo zake. Mama akapona, wadogo wakakua, na habari ya shule haikutajwa tena na mtu. Kila asubuhi kengele ya misheni ilipolia kule bondeni, mikono yake ilisimama ndani ya kapu la kahawa mpaka mlio uishe. Jumapili iliyopita ilitangazwa kanisani kwamba wasichana walioacha shule watapokelewa tena, na majina yataandikwa mpaka Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilikuwa leo.

Na leo Mwalimu Loishiye alipanda na wanafunzi wake kuja kulitazama gurudumu, daftari la majina likiwa kwapani.

"Nguvu ya maji haya inatoka wapi?" aliuliza.

"Kwa Mungu, mwalimu!" alidakia mwanafunzi mmoja.

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka. "Na baada ya Mungu?"

Akanyoosha kidole kule mfereji unakotokea.

"Inatoka juu. Kitu kilichoinuliwa kina nguvu iliyolala ndani yake. Kikianguka, ile nguvu inaamka, inageuka kuwa mwendo. Kikitoka juu zaidi, inaamka kubwa zaidi." Akalitazama gurudumu. "Sasa hili mbona linasinzia?"

"Limeshiba ndizi!" alisema Tabea, aliyewahi kukaa benchi moja na Penina.

"Maji ni haba, mwalimu," alisema Anaeli. "Tuombeeni mvua."

"Si maji," Penina aliliambia kapu lake.

Tabea hakuwahi kuficha neno maishani mwake. "Mwalimu, Penina anasema si maji!"

Wote wakageuka. Penina akatamani migomba immeze.

"Maji ni yale yale," alisema, macho chini. "Mlizamu ndio ulioshuka. Tangu ushuke, hata shimo halichimbiki."

"Unanifundisha mimi mfereji?" aliuliza Anaeli.

Anaeli aliutazama mlizamu, akalitazama shimo, kisha akawaita wavulana wawili. Wakauinua mlizamu na kuurudisha juu, kwenye panda zake za zamani. Gurudumu likaguna, likasita, halafu likaenda mbio. Mashine ikanguruma, maganda mekundu yakaruka, wanafunzi wakashangilia. Anaeli mwenyewe akakata magome ya mgomba, akayasimamisha kandokando ili yakinge maji yanayoruka.

"Wiki mbili nawasumbua majirani!" alisema, akijicheka. "Kumbe wa kusumbuliwa ni mimi!"

"Huyu binti amefika darasa la ngapi?" mwalimu aliuliza.

"La tatu. Limemtosha, mwalimu. Si umeona mwenyewe?"

Alilisema kwa kujivuna, akimtazama binti yake kwa upendo, na upendo ule ulimchoma Penina kuliko kama angetukanwa. Mwalimu akamtazama binti, kama anayengoja neno lake. Penina akainamia kapu lake. Basi mwalimu akawaaga, akawapanga wanafunzi, wakaanza kuteremka. Daftari likashuka nao hatua kwa hatua kati ya mibuni.

"Baba," alisema Penina.

Mashine ilimeza sauti yake. Anaeli aliendelea kumimina kahawa.

"Baba!"

"Nini tena? Si linakwenda?"

Kwa kelele zile, sauti ya kunong'ona isingesikika. Ilimbidi apaze sauti kama ambavyo hajawahi kuipaza tangu azaliwe, hata kule njiani Mwalimu Loishiye akasimama.

"Halikunitosha, baba! Nataka kurudi shule. Nimetaka kila siku, tangu siku ile mliyonitoa."