Posa ya Misi Doroti

Chepchirchir alipoambiwa anakwenda Denmark alicheka mpaka akaketi chini, pale pale kwenye baraza ya chuo, na sare yake safi. Ziara ya masomo ya wiki tatu! Wanafunzi wawili wa sayansi na wawili wa biashara wangekwenda kuona viwanda vya siagi na vyama vya ushirika, walale kwa wakulima wa huko, kisha warudi. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha kanisa, nje kidogo ya Njoro, na mwaka ule wa 1958 ndege waliijua kwa mngurumo tu, ikipita juu ya mashamba ya ngano.

Sharti lilikuwa moja. Mzazi akubali kwa kinywa chake, mbele ya Misi Doroti, mwalimu wa sayansi aliyeongoza safari. Chepchirchir alilelewa na mama yake na babu yake, Mzee arap Kirui, mchungaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja kule Keringet. Basi Jumamosi mwalimu na mwanafunzi wakapanda kigari cha Misi, wakateleza matopeni hadi huko, na Chepchirchir akaimba njia nzima.

Mzee aliwapokea vizuri mno. Mama mtu, Jepkosgei, akamimina chai ya maziwa. Wakaongea habari za mvua, wakaongea habari za ndama, mpaka Misi Doroti akaweka kikombe chini. Kiswahili chake alikisomea Unguja, na kilikuwa kimepigwa pasi.

"Mzee wangu, nimekuja kumwomba binti yenu, Chepchirchir, twende naye ng'ambo."

Mzee akatazama paa, akatazama mlango, akamruka kwa macho mjukuu wake aliyesimama mbele yake na birika mkononi.

"Hapa hakuna binti," akasema. "Hapa iko ng'ombe tu. Rudi nyumbani, mama."

Chepchirchir nusura aidondoshe birika kwa furaha. Kwa Wakipsigis, anayekuja kuomba msichana hurudishwa kwanza, hata kama wenye nyumba wameshakubali moyoni zamani. Babu angekuwa hataki, angesema hataki na kueleza sababu mpaka jua litue. Kumbe ameamua kuombwa, na kuombwa sawasawa.

Lakini Misi Doroti alitoka pale uso umemshuka. Chepchirchir akamweleza, akarudia kumweleza, na kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtoto anayeng'ang'ania.

"Nimekataliwa kwa masikio yangu," Misi akasema. "Siwezi kumchukua mtoto wa watu kwa nguvu."

Jumatatu nafasi ikapewa Micah, kijana wa darasa lake la sayansi. Ijumaa ile majina yangepelekwa Nairobi, na baada ya hapo basi. Micah alikuwa amejiandaa tangu siku nyingi, kwa kubahatisha tu: alikuwa na tai nyekundu kutoka Nakuru, na juma zima lililopita alikuwa akila ugali kwa uma, jambo lililowapa wenzake raha isiyo kifani. Naye alikuwa Mkipsigis. Chepchirchir akamburuta mpaka kwa mwalimu.

"Micah," Misi Doroti akauliza, "ni kweli kwamba kwenu kukataa kwa kwanza si kukataa?"

Micah akaigusa tai yake.

"Ni kweli, Misi," akasema. "Tena ulikosea. Mwanamke peke yake haposi. Ungekwenda na mwanamume."

Mwanamume aliyekuwa karibu alikuwa yeye. Jumanne jioni wakarudi Keringet, Micah mbele kwa mbele, amekwenda kumwombea mwingine nafasi yake mwenyewe. Alianza kwa unyonge, lakini maneno yalipomkolea akasahau kabisa kwamba anajipokonya. Aliwasifu Wadenmark kana kwamba ni wajomba zake. Mzee, kwa kuwa kila ukoo kwao una mnyama wake, akauliza hao watu mnyama wao ni yupi.

"Ng'ombe, mzee. Yule wa madoadoa."

"Tutafikiri," mzee akajibu. "Rudini nyumbani."

Safari hii Misi Doroti alitoka nje akicheka. "Tumekataliwa tena," akasema, akampiga Micah begani, nao watatu wakacheka mpaka kigari kikazimika mlimani wakashuka kukisukuma.

Alhamisi wakafika mara ya tatu, wamelowa chapachapa. Chepchirchir alikuwa na kicheko tayari kooni, maana leo ndiyo leo. Mzee hakuuliza habari za mvua.

"Baba ya huyu alipandishwa lori hapo barabarani, wakati ya vita," akasema. "Alikuwa anapeleka maziwa. Hakuna mtu alikuja hapa kuniuliza. Wanasema alikufa ng'ambo, huko Bama. Lakini nani alimchukua? Mimi hapana jua. Nikitaka kudai mtoto yangu, nitadai nani?"

Jepkosgei akainama. Chepchirchir alijua baba yake alifia vitani, lakini hakuwahi hata siku moja kumsikia babu akimtaja. Kile kicheko kikamwisha, akaona uchungu kwamba juma zima alikuwa akiona mchezo.

"Wewe umekuja mara tatu," mzee akamwambia Misi Doroti. "Sura yako naijua. Gari yako naijua. Huyu nitamdai kwako."

"Nidai, mzee wangu. Nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni."

"Na nyinyi wote mkipotea?"

Ndipo Micah akasimama, maji yakimtiririka kwenye tai.

"Nidai mimi, mzee," akasema. "Mimi siendi popote."

Mzee arap Kirui akamtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele, akamnyooshea mkono.

"Tumekubali," akasema.