Nukta Pembeni mwa Galaksi

Fundi wa friji alipooa, ni kama alioa pamoja na darubini ya baba mkwe. Mzee huyo, mwalimu mstaafu wa udereva, alikuwa ameisimika juu ya paa, na hamu yake ilikuwa moja tu: kugundua nyota iliyolipuka katika galaksi ya mbali kabla mtu mwingine hajaiona. Usiku darubini yenyewe ilipiga picha za galaksi; Jumamosi asubuhi mkwe na mkwe walikaa mezani kuzilinganisha na za zamani.

Jumamosi moja fundi akaona nukta nyeupe pembeni mwa galaksi. Kwenye picha ya zamani haikuwepo.

"Baba, hebu tazama hapa."

Mzee akasogeza miwani. "Vumbi hilo."

"Labda tupige tena leo, tuhakikishe..."

"Mwanangu, nimesema vumbi. Au mimi kipofu?"

Baba mkwe habishiwi. Fundi akameza maneno, akafungua picha nyingine.

Wiki iliyofuata habari zikatoka: wapenzi wa nyota wa nchi nyingine wamegundua mlipuko, galaksi ile ile, pembeni pale pale. Picha yao ilipigwa baada ya ile ya mzee.

Siku hiyo mzee hakugusa chakula. Mbele ya mashemeji wote akamgeukia fundi.

"Mdomo umepewa wa kazi gani? Mtu mzima unaona kitu, unanyamaza!"

Mashemeji wakaangua kicheko. Mkewe akainamia sahani yake.

"Nisamehe, baba," fundi akasema, na neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miezi ikapita. Siku moja mzee akampigia simu kazini. "Njoo upesi! Safari hii nimeiona mwenyewe!"

Fundi akaenda na mikono yake ya grisi. Akatazama picha tatu za usiku mmoja. Nukta ilikuwa inasogea, kidogo kidogo. Nyota ya mbali haisogei hivyo. Lile lilikuwa jiwe tu linalozunguka jua, likikatiza mbele ya galaksi.

"Unaonaje, mwanangu?"

"Hongera, baba. Tuma."

Mzee akaituma kwa wataalamu wa nyota, kisha akawatangazia ndugu na marafiki. Jibu likaja kesho yake, mstari mmoja: ni jiwe, linajulikana tangu zamani. Akazima kompyuta, akajifungia chumbani.

Mke akamfuata fundi jikoni. "Ulijua?"

Fundi alikuwa amedhani siku ya mzee kuaibika ikifika angefurahi. "Nilijua."

Mke akachukua birika. Akamimina chai kikombe kimoja, akaenda kumgongea baba yake mlango.