Nanga Inataka Mji

Usiku wa jana niliota, wala sikuwa nimekula kitu kizito, kwamba mimi na mke wangu Mwanahija tumo ndani ya meli ya watalii yenye ghorofa kumi na moja, tunazuru miji ya kale ya pwani. Ratiba ilibandikwa ukutani: Lamu, Mombasa, Pangani. Pangani ndiko alikozaliwa Mwanahija, na mama yake, Bi Saumu, alikuwa ameahidi kutupokea gatini. Hakuwa amemwona mama yake tangu tufunge ndoa. Hiyo ndiyo sababu tulipanda meli hiyo.

Asubuhi kulikuwa na mazoezi ya usalama. Spika ilitangaza kwamba kila jaketi la kuokolea livae abiria wake. Jaketi langu likanivaa, likajitazama kwenye kioo, likalalamika kwamba nalibana kwapani. Nikaliomba radhi. Mwanahija alivaliwa na jaketi la kijani, ambalo lilisema amelikaa vizuri sana.

Tulipoketi kunywa chai, nanga ya meli ikaingia ukumbini. Ilikuwa imelowa. Ilikokota mnyororo wake kwa adabu, ikiuinua kila ilipopita karibu na miguu ya watu. Ikaketi mezani petu na kuagiza mandazi manne.

"Tunakaribia Lamu," ikaniambia. "Kazi yangu ni kushika. Lakini mji sishiki mpaka nitege. Kitendawili."

Sikuuliza kwa nini mimi. Katika meli ile mshairi ni mimi, na nilikuwa nimeshalitaja jambo hilo kwa kila mtu, hata kwa lifti. "Tega," nikasema.

"Tulimzunguka sita, tukamla mgongoni, akaondoka mzima."

Chini ya meza Mwanahija akanigusa goti. Jibu analo, naliona usoni pake. Nikausogeza mguu wangu. Mtu aliyejifunza vina na mizani peke yake, kwa kuhesabu vidole, bila mwalimu hata mmoja, hanong'onezewi mbele ya chuma. Nikafikiri sana.

"Historia," nikasema.

"Siyo. Nipe mji."

Kila mtoto wa pwani anaijua sheria hiyo: ukishindwa unatoa mji, ndipo unapewa jibu. Utotoni niligawa miji mingi sana barazani kwetu, na asubuhi yote ilikuwa bado ipo. Nikajaribu kutoa Korogwe. Nanga ikasema Korogwe haina bahari, yenyewe itakaa wapi. Basi nikanyoosha mkono kama mtu anayempa mgeni kiti, nikasema, "Chukua Lamu."

Dirishani, Lamu inakunjwa. Inakunjwa kama kitambaa cha meza, misikiti ndani, punda ndani, na nanga inaitundika kwenye mkono wake wa kushoto. Kisha wote waliozaliwa Lamu wakainuka ukumbini: wapishi wawili, mpiga kinanda, na bibi mmoja aliyekuwa katikati ya bakuli la uji. Wakafuta midomo, wakaingia katika mji wao mmoja mmoja. Hakuna aliyenilaumu. Yule bibi alirudi mara moja tu, kuchukua miwani.

"Sinia," ikasema nanga, ikimalizia andazi la mwisho. "Jibu lilikuwa sinia."

"Nilijua," akasema Mwanahija.

"Hata mimi nilijua," nikasema.

Baadaye nilikwenda kunawa mikono. Nilipofungua mlango wa choo nikajikuta Mombasa, kwenye kichochoro kilichotandikwa zulia jekundu la meli. Nanga imekaa kwenye kiti cha kinyozi, inanyolewa kutu. Mwanahija yuko kwenye benchi, anangoja, kama aliyekuja nayo.

"Kitendawili," ikasema nanga bila kugeuza kichwa, kwa sababu ya wembe.

"Tega."

"Nimepanda mnyama, hatembei. Ulimi nje, hasemi."

Mwanahija akakohoa. Akakohoa tena. Kikohozi cha tatu kilikuwa na silabi ndani yake. Nikamwambia kama kifua kinamsumbua akatafute dawa, kisha nikatoa jibu langu: sanamu ya mfalme aliyeshindwa vita. Hata kinyozi alitingisha kichwa.

Mombasa ikakunjwa nasi tukiwa ndani yake, ikabidi turuke hadi kwenye sitaha. Kinyozi aliendelea kunyoa mpaka mkunjo wa mwisho. Nahodha, naye mzaliwa wa huko, alikuja kuniaga. Akanikabidhi usukani, ambao alikuwa ameshaung'oa, na kunihakikishia kwamba usukani si kazi, kazi ni bahari.

"Mbuzi ya kukunia nazi," ikaniambia nanga. Sasa mikono yake yote miwili ilikuwa na mji. "Nyumbani kwenu ipo?"

"Ipo. Ya mke wangu."

"Wewe umewahi kuikalia?"

Nikajibu kwamba mimi hushughulika na maneno.

Mwanahija akanivuta pembeni. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba ratiba imebaki na mji mmoja, na mji huo ni kwao. Nikishindwa tena, yeye atainuka kama walivyoinuka wale wengine. Hatakuwa na hasira, atafuta mdomo na kwenda.

"Ungeniuliza tu, Kibwana," akasema.

"Nikuulize wewe?" nikasema, na hata ndotoni nilisikia jinsi neno lile lilivyotoka.

Pangani inatokea mbele. Bi Saumu amesimama gatini, ameshika kitu kwa mikono miwili. Sitazami ni nini, kwa kuwa ninajiandaa kuwa na akili.

"Kitendawili," inasema nanga.

"Tega."

"Amevaa kofia akimngoja mgeni. Mgeni kafika, kofia imevuliwa, naye kaliwa."

"Mwana wa mfalme aliyesalitiwa," nikasema papo hapo.

"Siyo. Ila kwa kuwa ni mji wa wakwe, nakupa nafasi moja zaidi."

Nikageuka. Mwanahija alikuwa anafuta mdomo, na hakuwa amekula kitu. Jaketi la kijani lilikuwa linamfungua mikanda yake, mmoja baada ya mwingine, polepole, likimwambia kwamba lilifurahi kumfahamu. Lilibaki neno moja. Katika beti zangu zote sikuwahi kulitafutia kina.

"Sijui," nikasema.

Mashine za meli zikanyamaza zisikie vizuri.

"Sijui. Mke wangu, nisaidie."

"Chakula kilichofunikwa kawa," akasema Mwanahija, bila hata kufikiri. "Si hicho mama amekishika? Tazama."

Nikatazama. Ndicho.

Nanga ikakubali, ikaanza kukusanya mnyororo wake iondoke.

"Kaa," Mwanahija akaiambia. "Aliyepatia ndiye anayetega. Kitendawili."

"Tega," ikasema nanga, kwa wasiwasi.

"Nina jogoo, anawika kuliko majogoo wote wa mtaa. Nikimwonyesha kunakopambazuka, anageuza shingo."

Nanga ikasema ni honi ya meli. Ikasema ni spika. Ikasema ni upepo. Kisha ikaomba jibu. Mwanahija akataka miji yote miwili. Nanga ikasema sheria ni kitendawili kimoja, mji mmoja.

"Basi kaa usijue," akasema.

Nanga ikavumilia kidogo. Halafu ikatueleza kwamba chuma kisipojua jambo huota kutu kwa ndani, mahali ambapo kinyozi hafiki. Ikatoa Lamu. Ikatoa Mombasa. Ukumbini yule bibi akaketi akaendelea na uji wake, ulikuwa bado wa moto.

"Na ule mwingine," akasema Mwanahija.

"Sina mwingine."

"Unao. Nauona hapo kwenye tope lako."

Kwa aibu, nanga ikachomoa mji mdogo kama kokwa ya tende. Ikasema iliuokota chini kabisa, zamani, haumo katika ramani yoyote na hakuna aliyewahi kuuulizia. Mwanahija akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Ndipo akainama, akainong'oneza nanga jibu.

Nanga ikanitazama kuanzia utosini hadi viatuni. Ikacheka mpaka ikaanguka nje ya sitaha, mnyororo ukaifuata wote, ikazama Pangani na kushika. Meli ikasimama. Mwanahija akashuka ngazi mbele yangu, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Bi Saumu akafunua kawa, mvuke ukanipiga usoni, nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwetu, Tanga, jua limeshaingia chumbani. Mwanahija amelala ubavuni pangu, amejifunika kanga. Pindo moja lina fundo, fundo limelowa, linanuka chumvi. Nikaliwekea sikio. Ndani yake, mbali sana, mtoto alikohoa usingizini, kisha mtu akafunga mlango taratibu.

Nikashika fundo nilifungue. Mkono ukasita hapo hapo.

"Nifungue?" nikamwuliza.

"Ngoja," akasema Mwanahija, macho ameyafumba. "Bado wamelala."