Sauti Iliyotangulia Wimbo

Albamu ya vibao vyetu bora ilipotoka, mimi nilikuwa mji wa mbali nikipakua saruji. Habari za bendi niliyoipigia dramu miaka yote ile nilizipata kwa kinyozi. Kisha shemeji akanipigia simu. "Njoo unitafutie mume wangu. Humu hayumo."

Mumewe, marehemu Pini, alipiga gitaa la besi. Hakuimba kamwe, sauti yake ilikuwa ya bati linaloburutwa. Ila kila wimbo aliuanzisha yeye kwa kupayuka: "Moja, mbili, tatu, nne!" Hapo tunaingia mbio. Ndiyo pop-panki yetu hiyo: magitaa ya fujo na kiitikio ambacho hata mtoto wa chekechea angekidaka. Zaidi ya hesabu hiyo, Pini hakuacha sauti yake popote.

Nilimkuta shemeji amekaa sakafuni, sikio kwenye spika. Daktari alishamwambia: la kushoto limekufa, la kulia linalifuata.

"Kanda za zamani ziko wapi?" nikauliza.

"Nimempa yule wa vyuma chakavu. Nikasema za nini tena, si vibao vyote vimo humu?" Akagonga kasha la sidii kwa ukucha. "Wameandika kwa maandishi makubwa kuliko sura zenu."

Tukaenda kwa mtu wa vyuma. "Plastiki imeshasagwa, mama," akasema. "Mimi sihifadhi, napitisha tu."

Tukaenda studio, kwa fundi mitambo aliyeitengeneza albamu. Alitupokea kwa furaha. "Mzee, nimewaogesha. Makelele yote ya mwanzo nimekata. Wimbo ukiisha, mwingine unaudaka, mtu hapati pa kupumulia."

"Umekata mtu," nikamwambia.

Alipoelewa, akaacha kucheka. Kanda zetu za kwanza, zilizokuwa zimebaki pale studio, zilikuwa na ukungu, zilipita kwenye mashine mara moja tu, zikaachia utando wote unaobeba sauti. Na yeye alikuwa amenakili kuanzia pale chombo cha kwanza kinapolia. "Kabla ya hapo sina kitu, mama. Nisamehe."

Shemeji akasema, "Ongea kwa nguvu, mwanangu." Fundi akainama, hakurudia.

Nyumbani tukaisikiliza tena yote. Sitasema uongo, albamu ni tamu. Hakuna wimbo mlegevu, hakuna wa kuruka, na tunasikika kama watu waliokuwa wanajua wanachokifanya. Lakini ni kama kumwona jamaa yako kavaa suti kila siku: umemwona, humjui. Wapi kikohozi, wapi ubishi, wapi Pini?

"Basi tena, shemeji," nikasema. "Tumegonga mwamba."

"Wewe umechoka, mwenye masikio mawili?"

Nikarudisha sidii mwanzo. Ndipo nikamkumbuka mpiga gitaa wetu, tuliyemwita Papara. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao hakuweza kuungojea hata umfunge kamba. Pini alikuwa bado anahesabu, yeye keshaingia. Walitukanana juu ya wimbo ule mpaka jukwaani, mbele za watu. Na kama fundi alikata pale gitaa linapolia...

Nikautafuta. Nikamwekea shemeji sikio la kulia kwenye spika, nikafungulia mpaka dirisha likatetema.

Chini ya gitaa, kwa mbali, bati likaburutwa: "Nne!"

Shemeji alinishika mkono kama anayezama. "Rudisha."

Nikarudisha.

"Afadhali angeingia kwenye mbili, mjinga yule," akasema, machozi yanamtoka. "Rudisha."

Sikuondoka tena kwenda kwenye saruji. Kila asubuhi nikawa nampitia, tunakaa sakafuni, nabonyeza, anasema rudisha. Nikawa naongeza sauti kidogo kidogo, hadi majirani wakaja kugomba, na hadi kitufe kikafika mwisho.

Jana alinigeukia. "Mbona hurudishi, shemeji?"

Nilikuwa nimesharudisha.